Mkate wa Wishwa: Tahakiki ya Meza ya Kitaliano Mjini Dodoma

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuletewa tahakiki za diwani na tenzi, na pengine watashangaa leo kumwona mhakiki ameketi mkahawani, uma mkononi, akipima tambi. Sina udhuru mkubwa wa kutoa ila huu: lugha yetu imekipa jina moja kiungo kinachosema na kiungo kinachoonja. Ulimi ndio unaotamka vina, na ulimi huo huo ndio unaojua kuwa chumvi imepungua. Tunapolisifu shairi husema limekolea, na tunapolidharau husema ni chapwa. Maneno yote mawili tumeyaazima jikoni, wala jikoni hawajadai malipo. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kuhukumu tungo na asiweze kusema neno la maana juu ya sahani iliyo mbele yake, huyo amejifunza nusu ya kazi yake.

Mkahawa ninaousema ni wa Kitaliano, wa mtaani, usio na makuu, katika mji wa Dodoma. Nilikula hapo mara mbili katika Jumapili moja, asubuhi peke yangu na usiku pamoja na wenyeji wangu. Jina lake sitalitaja. Lawama nitakazozitoa hazikihusu kituo kimoja, na baadhi yake, kama msomaji atakavyoona, zinanihusu mimi zaidi kuliko mwenye tanuri.

Mtu wa visiwani anayekwenda Dodoma siku hizi hana haja ya kuchoka. Huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, humpandisha uwanda wa kati kwa saa chache, akashuka mahali palipo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, penye hewa kavu na mvua ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Babu zetu waliotoka Bagamoyo na misafara ya karne ya 19 waliitembea njia hiyo kwa majuma. Waliivuka nyika ya Marenga Mkali wakiwa na kiu, wakafika Ugogo, na huko wakanunua maji na nafaka na kuwalipa watemi hongo kabla ya kuruhusiwa kuendelea Tabora na Ujiji. Ni vyema tulikumbuke hilo. Mkutano wetu wa kwanza na Wagogo ulikuwa wa mwenye njaa na mwenye ghala. Waliokuja na njaa walirudi pwani na masimulizi ya hongo, na mara chache sana walisimulia juu ya nafaka iliyowaokoa.

Mji wenyewe ulichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Pamoja na wizara wamekuja watu wa wizara, na pamoja nao matamanio ya watu wa mjini: mahali pa kukutania, kahawa nzuri, chakula cha kigeni siku ya mshahara. Lakini Mtaliano hakuletwa Dodoma na wizara. Sisi tunamjua Mtaliano wa Kiwengwa, na wenzetu wa Kenya wanamjua wa Malindi, aliyekuja kuota jua. Mtaliano wa uwanda wa kati ni wa namna nyingine. Wamisionari wa Konsolata walikuwa Iringa tangu 1919, na Wapasionisti wakafika Dodoma katika miaka ya 1930. Hao walikuja na misalaba na miche. Mizabibu ya Dodoma, inayovunwa mara mbili kwa mwaka na kuupa mji huu sifa yake, asili yake ni bustani za wamisionari hao kule Bihawana. Kwa hiyo atakayesema kuwa mkahawa wa Kitaliano Dodoma ni kioja cha juzi, aambiwe kuwa mzabibu una umri kuliko wizara zote.

Asubuhi nilifika saa nne. Waingereza wameunganisha majina ya milo miwili wakapata jina la chakula cha saa hizo, na mkahawa umelichora neno hilo ubaoni kwa chokaa, kwa herufi kubwa, kama mtu aliyevumbua jambo. Kwetu jambo hilo lina jina la siku nyingi: chai ya saa nne. Kila fundi mwashi, kila mwalimu na kila karani wa nchi hii anaijua. Tofauti ni kuwa chai ya saa nne ya fundi huliwa haraka, amesimama, na hii ya mkahawani huliwa kwa saa mbili na watu waliotoka ibadani wakiwa na watoto na nguo zao za heri. Meza zilikuwa chini ya miti, vitambaa vyake vya mirabaraba, na kuku wa jirani akipita katikati bila ya kuulizwa.

Kijana wa kuhudumia alinijia kwa adabu. "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia marahaba, akanipa orodha ya vyakula. Nikaisoma ukurasa wa kwanza, nikageuza, nikaisoma tena. Ilikuwa kwa Kitaliano na, chini yake kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza. Hapakuwa na neno moja la Kiswahili. Nami niko katika mji lilipo Bunge ambalo mijadala yake huendeshwa kwa Kiswahili, maili chache kutoka alikozaliwa mmoja wa washairi wakubwa wa lugha hii. Nilimwuliza kijana maana ya chakula fulani. Akasema, bila ya kufikiri sana: "Hizo ni tambi nene, mzee, zimetiwa nyanya zilizopondwa na kitunguu saumu, halafu juu wanaweka majani yanayonukia." Nilimwuliza majani gani. Akacheka: "Nyumbani kwenu mnayaita mrehani."

Naomba msomaji apime maelezo yale na orodha iliyoandikwa. Orodha ilikuwa na majina. Kijana alikuwa na tafsiri. Alijua chakula kimefanywaje, na alijua anazungumza na nani. Ikiwa mwenye mkahawa angempa kalamu kwa dakika thelathini tu, orodha yake ingesomeka na mji mzima. Hatumtaki aache Kitaliano. Jina la asili la chakula lina haki yake kama jina la mtu. Tunasema tu kuwa mgeni anayejitambulisha kwa lugha mbili na zote si za mwenyeji, amejitambulisha kwa wageni wenzake.

Na huo mrehani wenyewe ulinifikirisha. Sisi tunaufunga katika kikuba pamoja na asumini, tukamvisha biharusi; harufu yake kwetu ni ya chumba cha ndani na nguo zilizofukizwa udi. Kuuona umelala juu ya mkate wa jibini ni sawa na kumkuta shangazi yako mwenye heshima zake akicheza mpira uwanjani. Dakika ya kwanza niliona haya. Ya pili nikaonja, nikakubali kuwa anaucheza vizuri. Mrehani hupenda nyanya yenye uchachu, nao huukata ule uzito wa jibini. Wataliano wameligundua jambo katika mmea wetu ambalo sisi, kwa kuupenda mno kwa pua, hatukulitafuta kwa ulimi.

Mlo wa asubuhi nitauhukumu kwa ufupi. Mayai yaliyokaangwa kwa viazi na vitunguu yalikuwa na unyevu wake, hayakukaushwa kama ilivyo desturi ya mikahawa mingi. Mkate ulikuwa wa siku ile ile, ganda lake gumu, ndani wazi na laini, umepakwa mafuta ya zeituni na nyanya mbichi. Kwa mkate huo peke yake ningerudi. Kahawa ilikuja katika kikombe kidogo, nyeusi, chungu, yenye povu la rangi ya mchanga. Mtu wa baraza hahitaji kufundishwa kahawa hiyo. Kikombe ni kile kile cha muuza kahawa wetu, uchungu ni ndugu. Kilichokosekana ni tangawizi, kashata, na mazungumzo ya bure ya watu usiowajua.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Mimi si mnywaji wa mvinyo, na juu ya mvinyo wa Dodoma, uliokuwa katika meza za majirani, sina haki ya kusema neno. Niliomba maji ya zabibu. Ulikuwa msimu wake. Nje ya lango mama mmoja alikuwa amekaa na ndoo mbili zilizojaa zabibu nyeusi, na vumbi jeupe lingali juu ya maganda. Niliyoletewa yalitoka katika boksi lililovuka bahari, matamu kama sharubati ya dukani, hayana kingine. Nilipotoka nilinunua kilo moja kwa yule mama, nikazila nikitembea. Zabibu za Dodoma zina utamu, zina uchachu, na mwishoni ganda huacha ule ukakasi unaokunja ulimi kama unavyokunjwa na bibo. Ukakasi ndio uti wa tunda lile. Boksi lilikuwa limeuondoa, kama mhariri anayeondoa kila neno gumu la mshairi ili asomeke kwa urahisi.

Hapo ndipo nilipokumbuka jina la nyumba nyingine. Miaka iliyopita vitabu vya kuongoza wasafiri vilikuwa vikitaja mkahawa wa Kitaliano wa Dodoma, ulio chini ya lile jiwe kubwa linaloitwa la Simba, na jina lake lilikuwa Leone l'Africano, yaani Simba Mwafrika. Kwa mpita njia hilo ni jina la jiwe tu. Kwa mpenda vitabu ni jina la mtu. Al-Hassan bin Muhammad al-Wazzan alizaliwa Granada, akalelewa Fez, akasoma, akasafiri hadi Timbuktu. Mwaka 1518 alitekwa baharini na maharamia wa Kikristo, akapelekwa Roma akatolewa zawadi kwa Papa Leo wa Kumi. Mwaka 1520 alibatizwa akapewa jina la aliyemmiliki: Leone. Akaandika kwa Kitaliano kitabu juu ya Afrika, na kilipochapwa Venice mwaka 1550 Wazungu waliisoma Afrika kwa macho yake kwa muda wa karne kadhaa.

Katika kitabu hicho, anapoeleza namna watu wa Fez wanavyokula kwa pamoja katika sahani moja, kwa mikono, huwalinganisha na waungwana wa Italia na kuwaona duni. Nimewahi kumlaumu kwa hilo. Mtu ameketi katika meza ya aliyemteka, anakitazama chakula cha mama yake kwa macho ya mwenye meza! Lakini lawama ni rahisi kwa aliye mbali. Usiku wa Jumapili ile nilitambua kuwa niliwahi kufanya baya kuliko lake, maana yeye alikuwa mateka, na mimi sikutekwa na mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana, nilifika Dodoma kwa mara ya kwanza kwa kazi ya ualimu. Mwalimu mwenzangu, Mgogo, alinikaribisha kwake. Mkewe alitupikia ugali wa uwele, na mboga yake ilikuwa mlenda uliotiwa karanga. Wasomaji wa pwani wasioujua mlenda wafahamu kuwa ni majani ya porini, yaliyochumwa wakati wa mvua, yakakaushwa na kutwangwa, ili wakati wa ukame, ambao huko ni zaidi ya nusu ya mwaka, nyumba isikose kitoweo. Ni mboga yenye utelezi. Nilichovya tonge, nikaliinua, ute ukavutika, nami nikasema mbele ya watu wote, kwa kutaka kuchekesha: "Hii mboga inateleza kama samaki aliyenikimbia." Watoto walicheka. Mke wa mwenyeji wangu hakucheka. Aliondoa bakuli taratibu, akaniletea yai la kukaanga. Mwenyeji wangu hakusema kitu, si siku ile wala katika barua zake za miaka yote iliyofuata.

Safari hii binti yake, ambaye siku ile alikuwa mmoja wa watoto waliocheka, ndiye aliyenialika chakula cha usiku. Sasa ni mtumishi wa serikali. Alikuja na baba yake, mzee mstaafu, mwembamba, amevaa koti pamoja na joto. Nilimwamkia kwa neno moja la Kigogo ninalolijua, "Mbukwa," akafurahi akanishika mkono kwa muda mrefu. Tulipoketi binti alisema: "Baba, nilifikiri sana mahali pa kukuleta. Nyumbani mama alitaka kupika, lakini alisema mgeni wa Unguja hali chakula chetu. Ndipo nikaona hapa."

Alilisema kwa wema mtupu. Sikupata la kujibu.

Nitasema juu ya chakula, kwa kuwa ndicho kilichonileta. Mkate bapa wa tanuri la kuni ulikuwa bora kuliko wote niliowahi kula katika nchi hii: ukingo umeungua hapa na pale, katikati mwembamba, jibini kidogo, nyanya za Dodoma zenye jua ndani yake. Na sisi tulio visiwani tusijidanganye; kile tunachokiita piza kule Forodhani, mkate mwembamba unaofungwa juu ya nyama na yai ukakaangwa kwa mafuta, ni chakula kizuri sana, lakini Naples hakijulikani. Tumeazima jina, tukaweka chetu ndani yake. Nyama niliyoagiza ilikuwa ngumu. Kijana alinieleza waziwazi, kabla sijauliza, ni vyakula vipi vina nguruwe, na kwa uungwana huo namshukuru.

Mzee aliagiza tambi za siagi na jibini. Sahani ilipofika alizungusha uma polepole kama alivyomwona binti yake anafanya. Tambi zikapanda, zikateleza, zikarudi sahanini. Akajaribu tena, zikateleza tena. Akauweka uma, akanitazama, na kwa sauti ile ile ya darasani akasema: "Nayo inateleza, Mwalimu."

Binti alicheka bila ya kujua kwa nini. Sisi wawili tulijua. Jibu lilikuwa limekaa zaidi ya miaka thelathini likingoja sahani yake.

Tangu usiku ule nimejiuliza maswali ya mhakiki. Utelezi ni sifa au ni aila? Katika tambi za siagi tunauita ulaini, na tunalipa fedha nyingi kuupata. Katika bamia za mchuzi wa papa tunauita utamu. Katika mlenda tunauita utelezi, na kwa neno hilo tumeimaliza kesi. Tambi yenyewe si ngeni kwetu. Twaipika kwa sukari na iliki mwezi wa Ramadhani, na jamaa zetu wa Barawa na Mogadishu huila ndefu, kwa mchuzi, tangu bandari za Benadir zilipotoka katika mikono ya Sultani wa Unguja, zikakodishwa kwa Wataliano mwaka 1892 na kuuzwa mwaka 1905. Ulimi wangu, kwa hiyo, haukuwa na ugomvi na utelezi. Ugomvi ulikuwa na mahali utelezi ulikotoka. Nilimhukumu mpishi kwa kabila la chakula chake. Mhakiki wa mashairi akifanya hivyo huambiwa hajui kazi.

Na watu wa pwani hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili, maana tumefundishwa na utenzi wetu mashuhuri. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa amefungwa gerezani, na kila chakula kizuri anachopelekewa na mama yake walinzi hukila wao. Ndipo anapomtuma Saada amwambie mama yake aoke mkate wa wishwa, na ndani yake aifiche tupa. Walinzi wanauona mkate wa makapi, wanaudharau, wanampa mfungwa. Dharau yao ndiyo inayomfungulia pingu. Tumekisoma kisa hiki tangu utotoni tukimshangilia Liyongo, na hatukujiuliza kama katika maisha yetu sisi ni Liyongo au ni walinzi. Mimi, mbele ya bakuli la mlenda, nilikuwa mlinzi.

Utenzi ule ule una somo la pili. Maadui wa Liyongo walitaka kumwua katika kikoa, wakila makoma, kila mtu akipanda mti kwa zamu yake. Kikoa ni mlo wa shirika. Kila mmoja hutoa, kila mmoja hula. Walichagua kikoa kwa sababu hapo mtu hajihadhari. Nami naupima mkahawa wa Dodoma kwa kipimo cha kikoa. Nani ametoa nini katika meza ile? Mtaliano ametoa tanuri, maarifa ya unga, na majina. Ugogo umetoa nyanya, kuni, mayai, mikono ya wapishi, na kijana mwenye ufasaha. Lakini katika orodha ya vyakula mmoja ameandikwa na mwingine hakuandikwa. Uwele haupo. Mlenda haupo. Ubuyu, ambao mizigo yake hushuka pwani kutoka Ugogo hadi tukaupaka rangi nyekundu na kuuita wa Zanzibar, nao haupo. Hata zabibu, mgeni aliyeletwa na Wataliano wenyewe, imeachwa nje ya lango katika ndoo.

Haya yananirejesha kwa mshairi niliyemtaja. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, akafariki mwaka 1969. Aliandika historia na mila za Wagogo, iliyotoka mwaka 1954, na diwani yake ilitoka 1963. Huyu alikuwa mtu wa bara aliyejifunza vina na mizani vyetu hadi akatufundisha. Naye ndiye aliyeipa jina na kuieneza ngonjera, tungo ya majibizano ambayo pande mbili hushindana kwa hoja, moja haijui na nyingine inajua, hadi zikapatana. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kufa kwake, mwaka 1970 na 1971, na watoto wa shule nchi nzima walizighani.

Wahakiki wengi, nami nikiwamo, tumeikosoa ngonjera kwa jambo moja: mapatano yake huja upesi mno. Asiyejua anashindwa kwa beti chache, anashukuru, na wote wanamaliza kwa sauti moja. Bado nasimama juu ya ukosoaji huo. Lakini sasa naona tulisahau kusifu kilicho kikubwa zaidi. Katika ngonjera hakuna anayenyamazishwa. Hata aliye katika makosa hupewa ubeti wake, kwa vina kamili na mizani kamili, sawa na mpinzani wake. Mwalimu mwenzangu hakupewa ubeti wake siku ile. Nilisema mimi, watoto wakacheka, bakuli likaondolewa. Na Mnyampala mwenyewe, je, sisi wa pwani tumempa wake? Alikuja katika meza yetu na kula kwa adabu zetu zote. Tumemsifu kwa kuwa alitushinda katika yaliyo yetu. Ni wangapi kati yetu waliofungua kitabu chake cha Wagogo wajue alikotoka alikuwa akila nini?

Hukumu yangu juu ya mkahawa ni hii. Ni nyumba njema. Mkate wake ni wa hali ya juu, tanuri lina bwana wake, kahawa haina deni, watumishi wake ni waungwana. Anayepita Dodoma na aende, Jumapili hasa, saa nne, akae chini ya miti. Lakini ni ngonjera yenye upande mmoja. Iandikwe orodha kwa Kiswahili. Zabibu za ndoo ziingie ndani zikamuliwe na ganda lake. Na mpishi anayejua kukandia unga wa ngano hadi ukawa vile, ajaribu unga wa uwele katika lile tanuri, japo siku moja kwa wiki. Sidhani Mtaliano atakataa. Watu wake nao ni watoto wa wakulima, na chakula chao kingi walichokisifia duniani kilianza kuwa cha maskini.

Hukumu juu ya mhakiki ni fupi zaidi. Jumatatu nilikuwa na tiketi ya treni ya jioni. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa mzee bila ya kualikwa, nikamwambia mkewe kuwa nimekuja kula mlenda. Alinitazama kwa muda, akaingia jikoni. Sitamdanganya msomaji: matonge mawili ya kwanza yalikuwa mazito kumeza. La tatu nilianza kuisikia karanga, na chini ya karanga uchungu mdogo wa jani la porini, na nyuma yake ladha kavu ya uwele ambayo wali hauna. Ladha hufundishika kama mizani inavyofundishika, na mwanafunzi aliyeanza kwa kumcheka mwalimu huchelewa.

Nilimaliza bakuli. Mama alilichukua, akaangalia ndani, akaniuliza kama aniongeze. Safari hii hakuleta yai.